Akiba Isiyokaguliwa: Namna ya Kuchunguza Nakala Rudufu katika Seva Ndogo ya Nyumbani

*Matini ya mada iliyotolewa kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano katika Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara*

 

Mada nyingi tunazowaletea huhusu vifurushi vya intaneti, usajili wa laini na ulaghai wa mitandaoni. Leo tumeombwa kuzungumzia jambo linalokaa ndani ya nyumba na maduka yetu wenyewe: kompyuta ndogo inayowashwa usiku na mchana ili kuhifadhi mafaili ya familia au ya biashara, yaani seva ya nyumbani, pamoja na diski inayobeba nakala rudufu zake. Wengi huziita bakapu. Katika mazungumzo haya tutaziita nakala rudufu, au akiba.

Seva hizi si jambo geni tena. Mwenye duka la kuchapa na kudurufu mjini Musoma huchukua kompyuta yake ya zamani, akaweka mfumo wa Linux usiolipiwa leseni, akahifadhi humo barua na picha za wateja. Mtunza vitabu wa ushirika wa pamba Bunda hufanya vivyo hivyo kwa orodha za wakulima na uzito wa mizigo yao. Familia ya Butiama huweka humo picha za harusi, za misiba, na sauti za wazee waliokwisha kututoka. Mfumo wenyewe, ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, ni imara na hauhitaji kompyuta ya bei kubwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu wanaupenda.

Wahenga walituachia semi mbili zinazofaa hapa. Walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema pia kwamba akiba haiozi. Usemi wa kwanza ungali kweli tupu. Wa pili unahitaji tahadhari, kwa sababu akiba ya kidijiti huoza, tena huoza kimya. Gunia la mahindi lililoingiwa na wadudu hutoa harufu na unga. Diski iliyoharibika huendelea kuwaka taa yake ya buluu kana kwamba mambo ni shwari. Mwenyewe hugundua siku anapoihitaji, na siku hiyo huwa amechelewa.

Neno letu la leo ni moja: nakala ambayo haijawahi kurudishwa na kusomwa, msiihesabu kuwa nakala. Ili kulifikia neno hilo, tutapita katika maswali 5. Kila swali linaweza kujibiwa na mtu yeyote anayeweza kufungua dirisha la amri katika Linux na kuandika maneno machache.

Kabla ya yote: msiandike juu ya diski yenye matatizo

Mkiona dalili ya hitilafu, simamisheni kwanza ratiba ya kunakili. Msifomati, msikarabati, wala msijaribu programu mpya juu ya diski hiyo. Faili lililofutwa au lisilosomeka mara nyingi bado lipo. Linaloliangamiza ni maandishi mapya yanayowekwa juu yake.

Upo mtego mmoja unaowanasa wengi. Diski iliyotengenezwa katika Linux kwa kawaida hutumia mpangilio wa mafaili uitwao ext4. Mtu huichomoa, akaipeleka dukani kwa rafiki mwenye kompyuta ya Windows. Windows haiufahamu mpangilio huo kwa kawaida, kwa hiyo hutoa ujumbe kwamba diski inapaswa kufomatiwa kabla ya kutumika. Diski ni nzima kabisa. Anayebofya kukubali ndiye anayeifuta. Jibu sahihi ni kukataa, kuichomoa kwa utaratibu, na kuirudisha kwenye kompyuta ya Linux.

Swali la kwanza: Je, nakala zinakwenda mahali tunapodhani zinakwenda?

Hitilafu hii huwadanganya hata mafundi. Katika Linux, diski ya nje haipewi herufi kama ilivyo katika Windows. Huunganishwa na folda fulani, tuseme /mnt/akiba. Diski ikiwapo, kinachoandikwa katika folda hiyo huingia kwenye diski. Diski isipokuwapo, kwa kuwa waya umelegea au umeme ulikatika usiku, folda hubaki palepale, tupu, nayo ni sehemu ya diski ya ndani ya seva. Programu ya kunakili haijui tofauti hiyo. Itaendelea kuandika, na kila asubuhi itatoa taarifa kwamba kazi imekamilika.

Matokeo yake ni mawili. Kwanza, nakala na mafaili asilia hukaa katika diski moja, na diski hiyo ikifa, vyote hufa pamoja. Pili, diski ya ndani hujaa, na seva huanza kukwama bila sababu inayoonekana.

Uchunguzi wake ni mwepesi. Andikeni:

df -h /mnt/akiba

Tazameni neno la mwisho katika mstari wa jibu. Likiwa /mnt/akiba, diski imeunganishwa. Likiwa alama ya mkwaju peke yake, yaani /, nakala zenu zinaandikwa ndani ya seva yenyewe. Kisha andikeni lsblk, amri inayoorodhesha diski zote ambazo kompyuta inaziona. Diski ikiwa katika orodha lakini haina mahali pa kuunganishwa, tatizo ni la mpangilio. Isipokuwa katika orodha kabisa, tatizo ni la waya, umeme au diski yenyewe.

Kwa upande wa mpangilio, jambo la kuangalia ni faili liitwalo /etc/fstab. Humo ndimo seva inamoelezwa ni diski gani iunganishwe wapi. Waliotaja diski kwa jina kama /dev/sdb1 hupata taabu, kwa kuwa jina hilo hubadilika kufuatana na mpangilio wa vifaa siku hiyo. Iliyokuwa sdb jana yaweza kuwa sdc leo. Dawa yake ni kuitaja diski kwa namba yake ya utambulisho isiyobadilika, UUID, ambayo amri ya blkid huionyesha. Wengi huongeza pia neno nofail ili seva iweze kuwaka hata diski isipokuwapo. Neno hilo lina faida, ila linadai uangalifu zaidi, kwa sababu seva itawaka bila diski na wala haitawaambia.

Kinga bora ni kuiamuru programu ihakikishe kwanza kwamba diski ipo. Katika ratiba ya kunakili, tangulizeni maneno haya kabla ya amri yenyewe:

mountpoint -q /mnt/akiba &&

Maana yake ni kwamba diski ikiwa haipo, kunakili kusianze. Ni heri kazi ishindikane waziwazi kuliko ionekane imefanikiwa wakati haikufanikiwa.

Swali la pili: Je, umeme unatosha na umetulia?

Sisi tulio kandokando ya Ziwa Victoria tunaijua hali ya hewa yetu. Eneo hili ni miongoni mwa yale yenye ngurumo na radi nyingi duniani, na dhoruba za ziwani hupenda kupiga usiku, wakati ambao watu wengi wameupanga kuwa saa ya kunakili. Umeme ukikatika diski ikiwa katikati ya kuandika, faili huweza kubaki nusu, na mpangilio wa diski kuchafuka. Linux ikiona makosa, mara nyingi huiweka diski katika hali ya kusomwa tu ili kuinusuru. Mtumiaji huona ujumbe kwamba haiwezekani kuandika, akadhani ni suala la ruhusa. Kabla ya kuhangaika na ruhusa, andikeni sudo dmesg na msome mistari ya mwisho. Mkiona maneno I/O error yakijirudia, tatizo ni la kifaa au umeme, si la ruhusa.

Upo pia upungufu wa umeme usiohusiana na kukatika. Diski ndogo za nje hupata nishati kupitia waya wa USB. Tundu la USB la kizazi cha pili lilipangiwa kutoa miliampia 500, na la kizazi cha tatu 900. Diski inayozunguka huhitaji nguvu nyingi zaidi inapoanza kuzunguka. Wenye kompyuta ndogo za Raspberry Pi 4 wafahamu kwamba matundu yake yote manne ya USB kwa pamoja yana kikomo cha takriban ampia 1.2. Diski mbili zikichomekwa humo, mojawapo huanza kutoa mlio wa kugonga, hutoweka, kisha hurejea. Mwenyewe huilaani diski, kumbe diski ina njaa. Jaribuni kwanza waya mfupi ulio bora, kisha kigawa USB chenye adapta yake ya umeme. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya diski mpya.

Kompyuta mpakato ya zamani yenye betri nzima hufaa sana kuwa seva, kwa kuwa betri yake huendelea kuishikilia umeme unapokatika. Wenye kompyuta za mezani wanahitaji kifaa cha UPS. Na radi inapoanza kunguruma, hakuna kinga inayoishinda ile ya diski iliyochomolewa na kuwekwa kabatini.

Swali la tatu: Je, diski ni nzima?

Diski nyingi hujiwekea kumbukumbu za afya yake. Programu iitwayo smartmontools huzisoma. Ikishawekwa, andikeni sudo smartctl -a pamoja na jina la diski. Baadhi ya diski za USB huhitaji pia maneno -d sat. Jibu ni refu, lakini kwa diski zinazozunguka tazameni mistari miwili: Reallocated_Sector_Ct, yaani sehemu zilizokwisha kuharibika na kubadilishwa, na Current_Pending_Sector, yaani sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma. Namba ya kulia kabisa ikiwa 0 katika mistari yote miwili, ni habari njema. Ikiwa zaidi ya 0 na inaongezeka wiki hadi wiki, diski hiyo inaaga. Nakilini vilivyomo kwenda diski nyingine sasa, si mwisho wa mwezi. Wala msitegemee neno PASSED peke yake, maana diski huweza kupata neno hilo leo na kufa kesho.

Swali la nne: Je, ujazo ulioandikwa ni wa kweli?

Hapa tunaingia katika haki ya mlaji. Tuanze kwa kumwondolea mfanyabiashara mwaminifu lawama asiyostahili. Diski iliyoandikwa 1 TB huonekana katika kompyuta kuwa na takriban GB 931. Huo si wizi. Kiwanda huhesabu kwa makumi, na kompyuta huhesabu kwa vipimo vya 1,024. Mpangilio wa ext4 nao hujitengea sehemu yake, kwa kawaida asilimia 5. Pungufu la kiasi hicho ni la kawaida.

Wizi uko kwingine. Zipo flashi na diski zilizoandikwa ujazo mkubwa mno kwa bei ndogo mno, ambazo kifaa chake cha ndani kimechezewa ili kiidanganye kompyuta. Flashi iliyoandikwa 2 TB huenda ina GB 32 tu. Mafaili ya mwanzo huingia salama. Yakizidi ujazo halisi, mapya hutupwa au huandikwa juu ya yale ya zamani. Orodha ya majina hubaki kamili, lakini faili halifunguki. Kwa mtu anayetunza nakala rudufu, hakuna kifaa kibaya kuliko hicho.

Kuna programu isiyolipiwa iitwayo F3, iliyotungwa kwa ajili ya kuufichua udanganyifu huu. Amri ya f3write huijaza flashi kwa mafaili ya majaribio, na f3read huyasoma na kueleza ni kiasi gani kilichosalimika. Fanyeni jaribio hilo siku ya kununua, kabla ya kuweka kitu chochote, na mkiwa bado na risiti.

Risiti hiyo ndiyo silaha yenu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa anayomuuzia, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 inashughulikia bidhaa bandia. Tume ya Ushindani ndiyo yenye dhamana katika mambo haya. Anzeni kwa kumrudia muuzaji kwa upole, mkiwa na bidhaa, risiti na matokeo ya jaribio. Asipowasikiliza, pelekeni malalamiko kwa maandishi. Asiye na risiti hujikuta akibishana kwa maneno matupu.

Swali la tano: Je, nakala inarudi?

Maswali 4 yaliyotangulia yanaweza kujibiwa vyema yote, na bado nakala isifae. Programu maarufu ya rsync, kwa mfano, ikipewa neno --delete, hulifanya folda la akiba kuwa kioo cha folda asilia. Mtoto akifuta picha Jumatatu, usiku kioo nacho kitafuta. Virusi vikiyafunga mafaili ili mdaiwe fedha, kioo kitanakili mafaili yaliyofungwa. Ndiyo maana inafaa kutumia programu inayotunza matoleo ya siku zilizopita, kama vile BorgBackup au restic, mkaweza kurudi nyuma wiki au mwezi. Na wanaotumia diski mbili zinazofanana ndani ya seva kwa mtindo wa RAID wasijidanganye. Mtindo huo huikinga seva isisimame diski moja ikifa. Haukingi faili lililofutwa, wala seva iliyoibwa.

Basi fanyeni jaribio hili kila baada ya miezi 3. Chagueni mafaili matatu: moja la zamani, moja la juzi, na moja kubwa. Yarudisheni kutoka katika akiba, si juu ya yale asilia bali katika folda jipya, na ikiwezekana katika kompyuta nyingine. Yafungueni. Picha ionekane, hesabu zisomeke, sauti isikike. Andikeni tarehe katika daftari la kawaida la karatasi na mliweke karibu na seva. Mkilifanya jaribio hilo likafaulu, hapo mnaweza kusema mna akiba.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Fundi mwema ni msaada mkubwa, na Mara inao wengi. Hata hivyo, diski mnayomkabidhi ina siri zenu na za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mwenye duka aliyehifadhi nakala za vitambulisho vya wateja, na ushirika wenye namba za simu za wakulima, wajibu huo unawagusa. Mwulizeni fundi bei kabla hajaanza, mwandikishiane anachokabidhiwa, na mkatae diski yenye mafaili yenu kubaki dukani kwake baada ya kazi kwisha. Mwambieni wazi pia kwamba lengo ni kuokoa mafaili, si kuifanya diski iwake tena. Asiyeambiwa hivyo huweza kuifomati kwa nia njema.

Pa kuweka akiba

Wataalamu wa kuhifadhi wana kanuni wanayoiita 3-2-1: nakala 3 za kila faili muhimu, katika vifaa vya namna 2, na 1 kati ya hizo iwe mbali na nyumba. Mkoani kwetu kanuni hii inatekelezeka bila gharama kubwa. Wa Musoma aweke diski ya tatu kwa ndugu yake Bunda, na wa Bunda aweke yake Butiama. Wabadilishane wanapotembeleana. Nyumba ikiungua au seva ikiibwa Musoma, ya Bunda itasalia. Diski inayosafiri namna hiyo ifungwe kwa nywila, kazi ambayo Linux huifanya kwa mpango uitwao LUKS, na nywila yenyewe iandikwe mahali pengine penye usalama. Nywila ikipotea, mafaili nayo yamepotea.

Wapo wanaouliza kama haitoshi kuweka kila kitu mtandaoni. Hifadhi ya mtandaoni ni nakala nzuri ya ziada, lakini isiwe pekee. Mei 2024, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ilidhoofisha sana intaneti nchini mwetu. Mtu ambaye daftari lake lote lilikuwa mtandaoni siku hizo alikuwa na mali lakini hakuweza kuifikia. Na kifurushi kikiisha katikati ya kupakia, nakala hubaki nusu hadi atakapotazama.

Hitimisho

Ndugu zetu, kitabu kilichopigwa chapa hudumu kwa sababu nakala zake zimetawanyika katika nyumba nyingi, na kwa sababu wapo wanaokifungua na kukisoma. Mafaili yetu yanahitaji mambo hayo hayo mawili.

Tunaomba kila mwenye seva afanye jambo moja usiku wa leo kabla ya kulala: aandike df -h na atazame diski yake imeunganishwa wapi. Kesho arudishe faili moja kutoka katika akiba na alifungue. Likifunguka, aandike tarehe. Lisipofunguka, mafaili asilia bado yapo, na muda wa kutengeneza akiba mpya bado upo pia.

 Sasa tunayapokea maswali yenu.